Mguu Uliopakwa Mawese

Mbwa Hawachoki hakuwa na ubaguzi: alikula cha kila mtu. Katika nyumba ya Oswald pale Mwandiga hakuna aliyevaa ndala zinazofanana, maana mbwa huyo alikuwa na tabia ya kuchukua moja na kuiacha nyingine, ili mwenyewe abaki na kitu cha kusikitikia. Alishakula mpini wa ufagio, kamba ya kuchotea maji, jalada la kitabu cha nyimbo cha mama mwenye nyumba, na kitenge cha jirani kilichoanikwa uani, kitenge kilicholeta maneno mpaka kwa mwenyekiti wa kitongoji. Hata jina alipewa kwa sababu ya majirani hao hao, watu wasiochoka kusema ya wenzao. Lakini jamani, alikuwa mlinzi. Wezi wa mawese walipita nyumba zote za mtaa ule wakaondoka na madumu, kwa Oswald hawakuthubutu kukanyaga. Basi kila alipoharibu kitu alichapwa, akatukanwa, akasamehewa, na maisha yakaendelea.

Asubuhi ya Jumamosi alikula mguu wa baba mwenye nyumba.

Si mguu wa nyama. Huo ulikwenda siku Oswald alipobanwa kazini kati ya boti na mawe ya gati, na hatutaurudia hapa. Ni ule mguu bandia, aliousubiri muda mrefu hospitali ya mbali mpaka watu wakadhani amedanganywa. Winfrida, mkewe, aliyeitwa Mama Recho na mtaa mzima, ndiye aliyeukuta chini ya mchikichi alipotoka kuwasha moto. Unyayo wa mpira ulikuwa na alama za meno upande wa vidole. Ile ngozi ya kukumbatia paja ilikuwa imetafunwa ikawa mapande mapande, na mkanda wa kiunoni haukuwepo kabisa. Kilichobaki cha mkanda ni bako lake, kile kifungio cha chuma, limelambwa likang'aa.

Winfrida aliukusanya mguu ule kwenye kanga, akaketi juu ya kuni. Alijua vizuri nini kimetokea, na alijua kwamba kosa halikuanza kwa mbwa.

Jana yake jioni Oswald alilalamika kidogo kwamba ngozi imekauka inamkwaruza paja. Sasa kwa watu wa Mwandiga, kitu kikikauka, kikikaza, kikilia, dawa yake inajulikana. Kifua cha mtoto hupakwa mawese. Nywele hupakwa mawese. Bawaba ya mlango, mpini wa jembe, ngozi ya kiti cha mzee, vyote mawese. Winfrida hakufikiri mara mbili. Dumu la mawese safi lilikuwa limefungwa kwa ajili ya mnada, akaona asilifungue kwa jambo dogo, akachukua yale yaliyobaki kikaangoni baada ya kukaanga samaki aina ya migebuka. Aliipaka ngozi ile kwa mikono miwili, kwa upendo kabisa, mpaka ikalainika. Kisha akauacha mguu juu ya benchi la jikoni nje ili mafuta yanywee. Alikusudia kuuingiza ndani kabla ya kulala. Usingizi ukamchukua.

"Mama Recho," sauti ya Oswald ilitoka ndani. "Niletee mguu."

Hakuna siku ambayo mbwa angeweza kuichagua ikawa mbaya kuliko hiyo. Jumatatu Oswald alikuwa anatakiwa Kibirizi, ufukweni, kwa Mzee Castory mwenye boti za kwenda Mwamgongo. Mzee yule alikuwa anatafuta msimamizi wa mizigo, mtu wa kupanda ubao na kuingia botini, kuhakikisha magunia yamepangwa, kisha kushuka na kwenda boti nyingine. Alimwambia Oswald wazi: njoo Jumatatu nikuone unapanda ubao kwa mguu huo. Ukipanda ukashuka, kazi yako. Ukishindwa, Eliakimu anaitaka na miguu yake yote miwili ipo. Tangu siku hiyo Oswald alikuwa anafanya mazoezi uani juu ya ubao wa kufulia, anakwenda na kurudi, na nyumba nzima ilikuwa inahesabu kazi hiyo kama imeshapatikana. Winfrida alikuwa amechoka kuibeba nyumba peke yake. Alikuwa amechoka kuliko alivyowahi kukiri.

Aliingia na kanga yake, akaifungua kitandani.

Oswald aliangalia. Aliuchukua mguu, akaugeuza, akausogeza karibu na uso akitazama pale ngozi ilipokatikia. Winfrida alisubiri kelele. Hazikuja. Tangu apate ajali, mume huyu alikuwa hajawahi kumpandishia sauti, jambo lililowafanya wanawake wenzake wa jumuiya kumwonea wivu. Waume zao walikuwa na miguu yao, na midomo yao pia.

"Mbwa," alisema Oswald.

"Mbwa," alijibu Winfrida.

"Mwite Feliksi. Sitaki kumwona tena huyo mbwa hapa."

Feliksi, jirani wa pili, alikuwa mchinja nguruwe, na ndiye aliyeitwa mtaani mnyama akitakiwa kuondolewa. Alikuja, akamtazama Hawachoki aliyefungwa kwenye mchikichi, akasema ni kazi ndogo. Ila Jumamosi hiyo alikuwa na nguruwe wa harusi, na Jumapili yeye ni mzee wa kanisa, hagusi damu. Akaahidi Jumatatu mchana. Recho, binti yao, alisikia yote, akaenda kukaa na mbwa chini ya mchikichi, akakataa chai. Hakuna aliyemlazimisha kuinywa.

*

Fundi wa viatu pale sokoni alikuwa Kubwimana, mtu wa Burundi aliyeingia Kigoma akiwa kijana, akaoa hapo, akazeekea hapo. Kazi yake kubwa ilikuwa katambuga za matairi. Winfrida alimkuta anakata tairi kwa kisu kirefu, akaweka kanga mbele yake akitarajia ataifungua taratibu. Kubwimana aliifungua mara moja, hadharani, mguu ukachomoza.

Soko likacheka. Muuza nyanya wa jirani aliuliza kama Mama Recho ameanza kuuza mumewe kwa vipande. Mwingine akasema huyo mbwa wenu kitenge hakikumtosha, ameamua kula mwenye nyumba. Ndiye mwenye kitenge huyo, na alikuwa amesubiri siku hiyo kwa hamu. Winfrida alicheka nao, maana usipocheka sokoni wanakumaliza. Lakini uso ulikuwa unamwaka, na alitamani ardhi ya Mwandiga ipasuke immeze pamoja na mguu ule.

Kubwimana hakucheka. Alivuta kilichobaki cha ngozi, akakinusa.

"Yoo, mama. Hii imenukia samaki."

"Mbwa alikuwa amekula vichwa vya samaki," Winfrida alisema haraka.

"Ego, ndiyo," alijibu fundi. Alimtazama kidogo kabla ya kurudisha macho kwenye kazi, na mtazamo huo Winfrida alitembea nao siku nzima.

Fundi alimweleza mambo yalivyo. Mkanda angeweza kuukata kwenye tairi, ile safu ya ndani iliyo laini, ukashika bako lile lile. Lakini sehemu ya paja hawezi kuweka tairi, itamchuna mtu nyama. Inataka ngozi halisi, na ngozi halisi yeye hana. Hospitali ndiyo wanayo, na hospitali si jambo la kesho wala keshokutwa. Winfrida alibaki amesimama. Kisha akautoa begani mkoba wake, mkoba wa ngozi wa kahawia alioletewa na dada yake kutoka Tabora, ambao kanisani aliuweka mapajani upande wa kuonekana. Akamwaga vilivyokuwemo kwenye kanga, rozari, leso, kitana, akamkabidhi fundi.

"Huu ngozi," alisema. "Mimi najua ni ngozi."

Kubwimana aliuchoma kwa ncha ya kisu kuhakikisha, akaitikia kwa kichwa. Winfrida hakutaka kuona akiupasua. Alisema atarudi Jumapili baada ya misa, akaondoka na vitu vyake vimefungwa kwenye kona ya kanga.

*

Usiku huo hakulala, wala uliofuata. Kila alipogeuka kitandani aliisikia minyororo ya mbwa nje, na aliposikia minyororo alimwona Feliksi na rungu lake. Mara kadhaa alifungua mdomo kumwambia mumewe. Baba Recho, ni mimi. Maneno manne tu. Yakafika kwenye meno, yakarudi. Alijiambia akishapata kazi nitamwambia, tutacheka. Halafu akakumbuka kwamba mbwa atakuwa ameshazikwa, na hakutakuwa na la kucheka. Alijiona mnafiki, na alikuwa mnafiki kweli, hilo alilikubali mwenyewe gizani.

Oswald naye hakupata usingizi. Alikuwa chali, macho wazi, na asubuhi alisema uji ni mtamu.

Jumapili mguu ulirudi. Kubwimana alikuwa ameshona mkoba ule kwa uzi wa nyavu, akauzungushia paja na kuutia kamba za kukazia, na mbele, pale palipokuwa na mfuko mdogo wa zipu, mfuko ulikuwepo bado. Winfrida alipiga magoti nyuma ya mumewe kama alivyofanya kila siku, maana bako la mkanda lilikaa mgongoni, akavuta, akafunga. Oswald alitembea uani. Mkanda wa tairi ulikuwa mgumu, ulilia kila hatua, na baada ya hatua chache ngozi ya mkoba ilianza kuteremka pajani. Alirudi kukaa. Alisema utafaa. Hakumtazama mkewe aliposema hivyo.

*

Jumatatu walifika Kibirizi kwa bodaboda, watatu pamoja na dereva juu ya pikipiki moja, mguu bandia umenyooka pembeni. Ufukwe ulikuwa umechangamka. Boti ya Mwamgongo ilikuwa inapakia saruji na mabati, wapagazi wanapita majini na mizigo kichwani, na juu zaidi, mchangani, dagaa walikuwa wameanikwa mpaka karibu na barabara. Eliakimu alikuwepo. Alikuwa ameketi juu ya gunia, kijana mzuri, akawaamkia kwa heshima, na heshima yake iliwaumiza.

Mzee Castory hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye boti, na mwenye boti hana muda. Alimpa Oswald mkono, akamwonyesha ubao.

Oswald alipanda. Hatua ya kwanza, ya pili, mkanda unalia, wapagazi wakasimama kutazama. Katikati ya ubao mkoba uliteremka. Winfrida aliuona ukiteremka chini ya suruali, kitambaa kikajikunja gotini, na moyo wake ukashuka nao. Oswald aliyumba, akashika bega la mpagazi aliyekuwa majini, akabaki ameshikilia hapo bila kwenda mbele wala nyuma. Ilibidi ashushwe na watu wawili, kama gunia.

"Mguu huu vipi?" Mzee Castory aliuliza. "Mwezi jana ulikuja hapa unatembea vizuri."

"Mbwa aliutafuna," Oswald alisema.

Mpagazi mmoja akashindwa kujizuia, na akishindwa mmoja wameshindwa wote. Mzee mwenyewe alifunika mdomo. Alipoacha kucheka alikuwa mwema, na wema wake ulikuwa mbaya kuliko kicheko. Alisema botini hawezi kumweka, mtu akianguka na mzigo ni kesi. Lakini kazi ya kukaa ipo. Dagaa wakianikwa, mbwa wa ufukweni wanawasumbua kina mama, anahitajika mtu wa kukaa hapo na fimbo. "Na wewe naona mnajuana na mbwa," alimalizia, na wapagazi wakacheka tena.

Oswald aliinamisha kichwa. Winfrida hakuvumilia.

"Si mbwa," alisema. Sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyotaka. "Ni mimi. Niliupaka mguu mafuta niliyokaangia migebuka, nikauacha nje. Mbwa gani angeuacha? Kama mnacheka, nichekeni mimi. Huyu hakufanya kosa lolote."

Hakuna aliyecheka. Wanawake wa dagaa walikuwa wameinua vichwa. Mzee Castory alitazama ziwa, akakohoa, akasema kazi ya fimbo ipo mpaka kesho asubuhi, wakifikiri waje. Kisha akamwita Eliakimu.

*

Walipanda kuelekea barabarani polepole, Oswald ameshikilia paja kwa mkono ili mkoba usishuke, Winfrida nyuma yake akisubiri kugeukiwa. Penye mtumbwi mbovu uliopinduliwa Oswald aliketi.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba ni wewe. Uliponiletea ule mguu niliunusa. Mbwa hajui kukaanga migebuka."

Winfrida alimtazama akidhani hakusikia vizuri. "Ulijua tangu Jumamosi? Nimekesha siku mbili, Baba Recho. Nimeugua kwa jambo hili. Mtoto hali. Na wewe ukamwita Feliksi aje kumuua mbwa wakati unajua?"

"Nilikuwa na hasira. Hasira lazima iende mahali."

"Ingekuja kwangu, mimi niliyekosea."

Oswald aliinama. Alikuwa anatazama miguu yake, mmoja una kiatu, mwingine una alama za meno.

"Nikikukasirikia wewe," alisema, "kesho asubuhi nani atanifunga mkanda?"

Angempiga kofi isingemuuma vile. Winfrida alisimama pale na kichwa chake kikarudi nyuma kwenye siku zote zile za upole, chumvi ikizidi chakula kitamu, akichelewa kurudi pole mke wangu, na yeye akimshukuru Mungu jumuiyani mbele ya wenzake kwa mume aliyebadilika. Kumbe hakubadilika. Aliogopa. Mwanamume huyu aliyekuwa akibishana na nahodha katikati ya mawimbi alikuwa anaishi nyumbani kwake kama mgeni asiyetaka kufukuzwa. Uchungu ulimpanda, na juu ya uchungu hasira.

Alikwenda nyuma yake, akafungua bako. Mkanda ukaanguka.

"Jifunge," alisema.

"Mama Recho, watu wanaona."

"Waone. Jifunge."

"Bako liko nyuma."

"Najua liko wapi."

Akaenda kusimama mbali naye, mikono kifuani. Oswald alipeleka mikono mgongoni, akakosa, akapeleka tena, tairi likamponyoka. Wanawake wawili waliopita na beseni za dagaa walipunguza mwendo, mmoja akamtazama Winfrida kwa jicho la kumwambia mwanamke gani wewe. Winfrida hakusogea. Machozi yalikuwa yanamtoka, na bado hakusogea. Oswald alijaribu mpaka jasho likamlowanisha shati. Mwishowe aliutazama ule mkanda mapajani. Kisha akaugeuza wote, bako likaja mbele, tumboni, akalifunga akiliona kwa macho yake, akashika tairi kwa mikono miwili na kulisukuma kidogo kidogo kuzunguka kiuno mpaka bako likafika mgongoni. Lilimchubua. Akavuta kamba za paja, akazikaza kuliko mkewe alivyowahi kuthubutu kuzikaza. Akasimama, na mkoba haukushuka.

"Winfrida," alisema. Hakumwita Mama Recho. "Umenikosesha kazi."

"Nimekukosesha."

"Nimesubiri mguu huu mpaka nikazeeka, wewe unaupaka mafuta ya samaki! Una akili kweli?"

"Ulisema umekauka!"

"Nilisema umekauka, sikusema uukaange!"

Sasa alikuwa anapiga kelele, sauti ile ya zamani ya kuita abiria kutoka botini, na ufukwe mzima ulikuwa unasikia. Winfrida naye hakunyamaza. Alimwambia mkoba wake mzuri uko kwenye paja lake na hajasema hata ahsante. Oswald akamwambia mkoba wenyewe unamwasha. Akaanza kupanda kuelekea barabarani bila kushika paja, mkanda unalia, akigeuka kila baada ya hatua kadhaa kuongeza neno. Feliksi arudi kwake na rungu lake. Mbwa afungwe, na nani ameshindwa kumfunga mbwa miaka yote hii? Kesho anakwenda kukaa kwenye dagaa na fimbo kama mwendawazimu, na wa kulaumiwa ni mtu mmoja tu.

"Na ule uji," alisema akiwa juu kabisa, amesimama barabarani anahema. "Unazidisha sukari. Siupendi. Sijawahi kuupenda."

"Basi kesho jipikie," Winfrida alimjibu.

"Nitajipikia," alisema Oswald, akageuka kutafuta bodaboda.